Kwa nini hata mtu makini anatapeliwa kwa meseji?

Mjukuu wa Uluguru:
Wakuu, shangazi yangu ni mwalimu mstaafu, mtu wa mahesabu hasa. Juzi kapokea meseji: "Ile hela nitumie kwenye namba hii." Akatuma kodi ya chumba cha binti yake anayesoma Dodoma. Tangu siku hiyo hata chakula hali vizuri, wala hataki tuliongelee. Simu haikudukuliwa, namba ya siri hakumpa mtu. Sasa kilimpata nini?

Wakala Msamvu:
Mpe pole sana shangazi. Mimi ni wakala wa miamala, haya nayaona dirishani. Tapeli hamjui shangazi yako. Anarusha meseji hiyohiyo kwa watu kibao, wengi wanafuta. Ila aliyeamka anawaza kodi inamkuta yuko tayari: hela ipi anajua, ya nani anajua. Tapeli hakutaja chochote, yeye ndiye aliyejazia. Usomi utamsaidia vipi wakati hakuna kilichomtia shaka?

Na siku hizi wanaongeza "jina litakuja fulani", ili likitokea jina geni usishtuke. Kwa hiyo kusoma jina hakutoshi. Mpigie mwenye hela kwa namba yake ya zamani, umsikie sauti.

Fundi Seva:
Hata wakubwa wameliwa hivyohivyo. Kati ya 2013 na 2015, Mlithuania Evaldas Rimasauskas alizipelekea Google na Facebook ankara feki kwa jina la kampuni ya Taiwan iliyokuwa inaziuzia vifaa kweli. Zikalipa zaidi ya dola milioni 100. Biashara ilikuwepo kama kodi ya shangazi ilivyokuwepo, kilichobadilika ni akaunti tu.

Bi Rehema:
Sawa, lakini msimwachie mama wa watu mzigo wote. Laini tunasajili kwa alama za vidole. Hizo za matapeli zinasajiliwa na nani?

Wakala Msamvu:
Hapo umenena, dada. Na hazitafungwa kama waliotapeliwa wananyamaza kwa aibu. Mjukuu, msimseme shangazi hapo nyumbani. Meseji msiifute, itumeni 15040 ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, pamoja na namba ya tapeli, kisha pigeni 100 mtandao wa shangazi ujue. Kwa juzi hela huenda imeshatolewa, ila namba hiyo bado inawinda wengine.

Mjukuu wa Uluguru:
Asanteni sana wakuu. Meseji anayo bado. Namsomea majibu yenu jioni hii, kisha tunaituma pamoja.