Mkaa upigwe marufuku majumbani? Mimi nasema bado

Wadau naomba tulijadili hili maana limenikaa rohoni. Kuna kaka mmoja juzi kasema wanaopikia mkaa mpaka leo wanajitakia maradhi ya kifua, gesi ipo kila kona, kwa hiyo mkaa ukatazwe hata majumbani kama zilivyokatazwa taasisi zinazopikia watu wengi, mfano shule.

Kwamba moshi unaua sibishi. Shirika la Afya Duniani (WHO) wanasema moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 duniani mwaka 2020, na zaidi ya 237,000 walikuwa watoto chini ya miaka 5. Mama yangu kapikia kuni na mkaa tangu binti, sigara hajawahi kushika, leo akifua shuka moja tu lazima akae chini kwanza atafute pumzi, daktari kasema mapafu hayarudi tena, dawa ni za kumpunguzia.

Ila kujitakia? Mkaa unauzwa kwa kopo, ukiwa na elfu mbili leo umepika. Gesi ya kilo 6 ni elfu ishirini na zaidi kwa mkupuo, sasa mtu anayelipwa kwa siku ataitunza vipi hiyo hela bila mtoto kuumwa hapo katikati? Mama alipata mtungi wa ruzuku kwa nusu bei, tukafurahi, ulipoisha haukujazwa, uko nyuma ya mlango umewekewa ndoo ya unga juu. Na hata gesi ilipokuwepo ilikuwa ya chai na mayai, maharage hapana, anasema yanakula gesi, anawasha jiko la mkaa kwa kipande cha mfuko wa plastiki, na mvua ikinyesha jiko linaingia koridoni, vyumba sita vyote vinafungukia hapo hapo na cha tatu kina mtoto mwenye pumu.

Mkakati wa serikali wa 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ya kupikia ifikapo 2034, hilo naliunga mkono kabisa. Ila ruzuku iende kwenye kujaza, siyo mtungi peke yake, na zile gesi za mita unazolipia kwa simu kidogo kidogo zifike uswahilini. Ukikataza kabla ya hapo watu watapikia maranda na maboksi ndani, mlango umefungwa wasionekane.

Nyie mnaotumia mkaa, kwa siku unawagharimu shilingi ngapi? Na anayetaka marufuku aniambie, siku hiyo ya kwanza mama yangu hayo maharage ayapikie nini.