Mjadala: Kwa nini mapambano ya uzani mwepesi bado yanawekwa mwanzoni mwa usiku?

Mpigo wa Kengele:

Ndugu wapenzi wa MMA, mchezo wa mapigano mchanganyiko, kuna jambo limenikera kwa miaka mingi na leo nimeamua kulileta hapa. Mara nyingi ratiba ya UFC, kampuni kubwa ya Marekani inayoandaa mapambano haya, inapotoka, pambano la uzani wa fly, yaani kilo 56.7, huwekwa mapema, wakati watazamaji wengi hawajakaa vizuri, na usiku hufungwa na wanaume wakubwa ambao ikifika raundi ya pili wanapumua kwa mdomo.

Tarehe 7 Oktoba 2017, Demetrious Johnson alikuwa akiutetea mkanda wake wa uzani huo kwa mara ya 11 dhidi ya Ray Borg. Raundi ya tano, akiwa mbele na hana haja ya kuhatarisha chochote, alimkumbatia Borg kwa nyuma, akamnyanyua, akamrusha, na kabla mgongo wa Borg haujatulia sakafuni Johnson alikuwa ameshaudaka mkono na kuanza kuukunja. Borg akagonga kusalimu amri. Nimelirudia tukio hilo kwa mwendo wa polepole mara nyingi sana nikitafuta ni wapi hasa mikono yake ilipoachia kiuno na kushika mkono wa mwenzake, na kila nikitazama naona imeshatokea.

Miezi kumi baadaye alipoupoteza mkanda kwa Henry Cejudo, tena kwa majaji waliogawanyika, UFC ilimwachia aende ONE Championship, kampuni ya mapambano ya Asia, kwa kubadilishana na mpiganaji wao Ben Askren, na kuelekea mwisho wa mwaka huo wa 2018 wapiganaji wengi wa uzani huo wakaondolewa. Swali langu ni hili: uzani mwepesi ufanye nini zaidi ndipo ustahili kufunga usiku? Kwa maoni yangu, anayetazama uzani wa juu peke yake hapendi MMA, anapenda tu kuona mtu akianguka.

Kilo Mia:

Mkuu, nilikuwa nawe hadi ulipofika kwenye sentensi ya mwisho. Mimi ni mtazamaji wa uzani wa juu, sifichi, na sikubali kuambiwa kwamba siupendi mchezo ambao nimeukeshea usiku usiohesabika. Ngumi ya Francis Ngannou iliyompata Alistair Overeem Desemba 2017 ilitoka chini ikakiinua kidevu hadi kichwa kikarudi nyuma kana kwamba shingo haina mfupa. Hatari ya namna hiyo ipo tangu kengele ya kwanza hadi ya mwisho, na huwezi kwenda kuchota maji ukarudi. Kwenye uzani wa fly naona watu hodari, wepesi, wenye pumzi, lakini dakika zinapita bila mimi kuogopa chochote.

Kuhusu biashara, tusiwalaumu waandaaji peke yao. Septemba 2012 mjini Toronto, Johnson na Joseph Benavidez walipogombea mkanda wa kwanza kabisa wa uzani huo, watu walizomea ukumbini, na walikuwa wamelipa kiingilio chao.

Goti la Chuma:

Ndugu Kilo Mia, kwa kuwa umemtaja Ngannou, naomba tumtazame Ngannou yuleyule Julai 2018 dhidi ya Derrick Lewis. Wanaume wawili wenye ngumi nzito kuliko karibu watu wote duniani walisimama wakitazamana kwa dakika 15, kila mmoja akimngoja mwenzake akosee, na ukumbi mzima ukazomea. Uliogopa nini usiku ule?

Uje pia kwenye Machi 2020, UFC 248, kwa sababu usiku huo mmoja unatosha kujibu mada. Pambano kuu lilikuwa la Israel Adesanya na Yoel Romero, wanaume wa kilo 84, na lilizomewa. Kabla yao walikuwa wametangulia Zhang Weili na Joanna Jędrzejczyk, wanawake wa kilo 52, ambao walipigana raundi tano bila kupumzika hadi paji la uso la Joanna likavimba kiasi kwamba ukimtazama usingemtambua. Hadi leo watu wanalitaja kati ya mapambano bora ya wanawake yaliyowahi kupigwa, na walioandaliwa kufunga usiku walikuwa wale wengine.

Kilo Mia:

Pambano moja baya haliwi hukumu ya uzani mzima. Ningekuwa mtu wa kuhukumu hivyo, ningekuletea Carla Esparza na Rose Namajunas, Mei 2022, kilo zilezile 52 unazozisifu: dakika 25, mkanda ukabadilisha mwenyewe, na sikumbuki hata ngumi moja.

Na kuna jambo lingine ambalo nyinyi mnaowapenda hao wadogo hamlisemi. Wadogo wenyewe si wadogo. Wengi wao ni watu wa kilo 65 na zaidi waliojikausha maji ili mzani useme 56.7, kisha wanakunywa na kula usiku kucha na kuingia kizimbani wakiwa na miili yao halisi. Kwa hiyo mnapodai heshima ya uzani mwepesi, mnadai heshima ya uzani ambao hakuna anayepigana nao.

Mpigo wa Kengele:

Hilo la kujikausha halihusiani na swali nililouliza, na tena halikuanza kwa uzani wa fly. Mfano unaojulikana kuliko yote ni Conor McGregor. Desemba 2015 alipima kilo 65.8 akamzimisha José Aldo kwa sekunde 13, na Machi 2016, haijatimia hata miezi mitatu, akapigana na Nate Diaz kwenye kilo 77. Huyo si mtu wa uzani wa fly. Naomba turudi kwenye ratiba.

Mzee wa Kabali:

Samahani Mpigo wa Kengele, turudi wapi wakati mfano uliouleta ndio unaothibitisha maneno ya Kilo Mia? Mtu ambaye mwili wake unaruhusu kilo 77 alikuwa akijilazimisha kwenye 65.8, na uso wake kwenye mzani ulikuwa umebonyea mashavu na macho kama mtu aliyetoka kitandani baada ya homa ndefu. Kwenye uzani wa fly yupo Deiveson Figueiredo. Februari 2020 alikuja kugombea mkanda uliokuwa wazi, mzani ukamkataa kwa zaidi ya kilo moja, akampiga Benavidez raundi ya pili, na bado mkanda ukabaki bila mwenyewe kwa sababu mshindi hakuwa na haki nao. Baadaye akahamia uzani wa bantam, ulio juu ya fly. Mimi nawapenda sana wepesi, ila jambo hili siwezi kulipitia pembeni, kwa sababu watu wamekufa. Kuna Mchina mmoja aliyefariki akijaribu kufikia uzani huohuo wa fly, nadhani ilikuwa 2014.

Goti la Chuma:

Ilikuwa Desemba 2015, mjini Manila, na jina lake ni Yang Jian Bing. Alikuwa akijiandaa kwa pambano la ONE Championship. Miaka miwili kabla yake, Septemba 2013, Leandro Souza wa Brazil alifariki akijiandaa kupima uzito, naye ni wa uzani wa fly. Inanisikitisha kwamba tunayakumbuka mapambano kwa raundi na sekunde, lakini marehemu hawa tunawataja kwa "nadhani".

Mzee wa Kabali:

Nimekubali kusahihishwa, na sikukosea kwa dharau.

Dada wa Kona:

Kaka zangu, nimesoma tangu mwanzo na nilikuwa nimeamua kunyamaza, lakini neno la Kilo Mia kwamba watu "wanakunywa na kula usiku kucha" limenichoma, kwa sababu linafanya jambo hili lionekane kama ujanja mtamu.

Mimi nimepigana mapambano ya ridhaa kabla ya kuanza kukaa kwenye kona ya wenzangu. Pambano langu la tatu nilitakiwa nipime kilo 52.2, na siku mbili kabla nilikuwa na 56. Mwalimu wangu wa wakati ule aliamini kwamba anayeshindwa kupunguza hana moyo wa kupigana. Siku ya kwanza nilikatazwa chumvi na maji. Siku ya pili niliingia ndani ya nguo za plastiki, nikavaa sweta mbili juu yake, nikaruka kamba hadi jasho likakoma kutoka. Wasiojua wanadhani jasho ndilo gumu, na kumbe ugumu unaanza linapokoma. Nilipewa chupa tupu na ubani wa kutafuna ili niteme mate humo, na kwa muda wa saa nzima mate yangu hayakufunika kitako cha chupa. Midomo ilinata nikishindwa kutamka maneno yenye "m" na "b". Nilipokanyaga mzani ukasema 52.1, mwalimu akanipongeza kana kwamba nimeshinda pambano, nami nilichokuwa nafikiria ni kikombe cha maji alichokishika mkononi.

Kwa hiyo hakuna usiku kucha wa karamu. Tumbo lililokauka halipokei chakula. Unakunywa kidogo, unatapika, unajaribu tena.

Kilo Mia:

Dada, pole sana, na kwa neno hilo nakuomba radhi, kwa maana nililisema kama mtu aliyesimama mbali. Hoja yangu hata hivyo inabaki palepale, na sasa naona umeipa nguvu. Uzani ulioutaja haukuwa wako. Na tukikubali hivyo, basi heshima anayoidai mwenye mada inatakiwa ianzie kwenye kuwaruhusu watu kupigana kwa miili waliyonayo.

Goti la Chuma:

ONE walijaribu. Baada ya kifo cha Yang waliweka kipimo cha maji mwilini, ukikutwa umejikausha hupigani, na mipaka ikasogezwa juu, hivyo uzani wa fly kwao ni kilo 61.2. Johnson alipohamia huko akakutana na Adriano Moraes, mtu mrefu kuliko yeye kwa kila kipimo, na Aprili 2021 akapigwa goti akazimishwa, jambo ambalo halijawahi kumpata UFC. Agosti 2022 wakarudiana, na safari hii Johnson ndiye aliyeruka na goti akammaliza Moraes. Tazameni mapambano yote mawili mfululizo halafu mniambie kama mlikaa bila kuogopa chochote.

Mzee wa Kabali:

Nikubaliane nawe nusu. Kusogeza mpaka wa kilo 56.7 hadi 61.2 kunamsaidia aliyekuwa akijikausha, lakini kunamtupa nje yule ambaye kweli mwili wake ni wa kilo 57. Johnson alikuwa mtu wa namna hiyo, kwa sababu aliwahi kupigana uzani wa bantam UFC kabla uzani wa fly haujafunguliwa, akashindwa na Dominick Cruz aliyemzidi urefu na nguvu. Ninachotaka mimi ni kipimo cha pili jioni ya pambano. California ilianza kulifuatilia jambo hili mwaka 2017, kwamba anayeongeza zaidi ya asilimia 10 ya uzito wake kati ya mzani na pambano ashauriwe kupanda. Ushauri hautoshi. Wapimwe mlangoni mwa kizimba.

Kilo Mia:

Na wakikutwa wamezidi pambano lifutwe, mbele ya ukumbi uliojaa? Hakuna mwandaaji atakayekubali.

Mpigo wa Kengele:

Ndugu zangu, nawasikiliza na sipuuzi hata neno moja la Dada, lakini niliuliza kuhusu nafasi ya wapiganaji hawa kwenye ratiba, na hadi sasa hakuna aliyenijibu. Kilo Mia amesema haogopi chochote akiwatazama. Aprili 2015 Kyoji Horiguchi alikunjwa mkono na Johnson akagonga ikiwa imesalia sekunde moja ya raundi ya tano. Mtu aliyekuwa ameshalishinda pambano kwa alama aliendelea kuwinda hadi sekunde ya mwisho kabisa. Cejudo alimwangusha TJ Dillashaw kwa sekunde 32. Figueiredo na Brandon Moreno walipigana mara nne kati ya 2020 na 2023, mkanda ukienda na kurudi. Hofu ipo, ila inakuja kwa mwendo wa haraka na jicho lililozoea kungoja ngumi moja haliioni.

Kilo Mia:

Mkuu, umeanza kwa kuniambia siupendi mchezo, na sasa unaniambia sina macho.

Mpigo wa Kengele:

Sentensi ile ya mwanzo naifuta, nimekosea kuiandika. Hili la macho silifuti.

Goti la Chuma:

Dada wa Kona, kama halikuumizi kulisema, pambano lile la tatu liliishaje?

Dada wa Kona:

Nilishindwa kwa alama. Raundi ya kwanza nilikuwa mbele, ya pili tulilingana, na ya tatu miguu ilikataa. Nilikuwa naiona ngumi yake inakuja, najua niinamie upande gani, na mwili hauendi. Baada ya pambano tulikaa benchi moja kwenye chumba cha daktari, tukaulizana uzito. Mchana ule yeye alikuwa amerudi kilo 57, mimi 56 na nusu, na wiki ya nyuma yake naye alikuwa ametema mate kwenye chupa kama mimi.