Madhehebu ya mungu wa kubuni: tuchote kwenye dini za watu, au tusiziguse?

MWANZISHA MADA

Wakuu, ninasimamia mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika, wa aina ya Dungeons & Dragons: wachezaji watano, dadu, karatasi, na ulimwengu ninaoutunga mwenyewe. Humo nimembuni mungu, Mama wa Kivuko, mlinzi wa mto na wa kila anayeuvuka, wafu wakiwamo. Sasa anahitaji madhehebu. Kila nikitafuta mfano, macho yanakwenda kwenye misikiti na makanisa ya majirani zangu. Je, tuna haki ya kuchota huko?

Mimi nasema tuchote ugomvi, tusichote vazi. Mwaka 1980 wenye mchezo huo walitoa kitabu cha miungu ambamo Vishnu na Kali, miungu ya Wahindu, walipangiwa namba za nguvu na uhai kama joka lolote la kupigana nalo, ilhali kuna mamilioni wanaowaabudu mpaka leo. Hilo ni vazi la mtu aliye hai.

Ugomvi ni kitu kingine, na ndiko uhai wa dini ya kubuni unakotoka. Michezo mingi hugawa waumini kuwa wema na waovu, basi. Dini haziachani hivyo. Urusi, katika miaka ya 1650, Patriaki Nikon, mkuu wa Kanisa la Kiorthodoksi la huko, aliagiza ishara ya msalaba ifanywe kwa vidole vitatu badala ya viwili, na vitabu vya ibada visahihishwe. Waliokataa wakaitwa Waumini wa Kale. Kiongozi wao mmoja, kasisi Avvakum, alichomwa moto mwaka 1682. Kwa mgeni ni suala la kidole. Kwao ilikuwa kukiri kwamba babu zao wote walikufa wakisali vibaya. Na hapa pwani tunaujua mwezi mwandamo: nyumba hii inasubiri uonekane hapa hapa, nyumba ya pili imepokea habari kwamba umeonekana nchi nyingine. Huku bado wamefunga, kule wanakula pilau ya Idi. Wote wana hoja, na wote wanamcha Mungu yule yule.

Basi katika ulimwengu wangu, mto ulihama. Mafuriko ya mwaka mmoja yaliusukuma mwendo wa siku nzima kuelekea mashariki, hekalu likabaki linatazama mchanga. Waliobaki wanasema Mama aliapa kwenye ukingo ule na hatauacha. Wanavusha wafu wao kwenye mkondo mkavu, kwa miguu. Walioufuata mto wanasema Mama ni maji, si mawe. Kundi la tatu, Watu wa Mtungi, huchukua maji ya mto na kuyauza kwa wagonjwa vijijini. Hao nimewafanya matapeli.

MKATEKISTA, BABA WA WATOTO WATATU

Mwanangu, sitakuja na hofu ya Wamarekani. Najua habari ya Patricia Pulling wa Virginia: mwanawe alijiua mwaka 1982, naye mwaka uliofuata akaunda kikundi cha kupinga mchezo huu, akiamini ndio uliomuua. Ule ulikuwa uchungu wa mama, nao ukageuzwa kuwa woga wa taifa. Mwaka 1989, toleo jipya lilipotoka, hata majina ya mashetani yalikuwa yameondolewa.

Shaka yangu iko kwingine. Nimekaa nikawatazama wanangu wakicheza. Kuhani anasali, anapata mwanga, anampiga adui. Sala imekuwa rungu. Sijaona hata mara moja mhusika akisali kisha akanyimwa, akabaki na imani yake. Wewe unauliza utachota wapi madhehebu. Mimi nauliza mtoto anajifunza nini kuhusu kusali.

MCHEZAJI WA MIAKA MINGI

Mzee wangu ana hoja, lakini mimi nakwama mapema zaidi. Mkuu, mungu wako anajibu! Katika kanuni za mwaka 2014 kuhani aliyekomaa anaweza kumuuliza mungu wake maswali matatu, akajibiwa ndiyo au hapana. Warusi wangekuwa na uwezo huo wangegombana kwa wiki moja tu. Ama ufanye alivyofanya mtunzi Keith Baker katika Eberron, ulimwengu wa mchezo huu uliotoka 2004, ambako miungu haishuki wala haijithibitishi, ama uachane na madhehebu.

MWANZISHA MADA

Hapana, kanuni hiyo ndiyo inayonipa madhehebu. Kuhani wa hekalu kavu anauliza: "Mama, unapendezwa nasi tuliobaki?" Ndiyo. Kuhani wa mto mpya anauliza: "Mama, unapendezwa nasi tuliokufuata?" Ndiyo. Kila mmoja anarudi kwa watu wake na neno la kweli, na tangu siku hiyo hawapatani tena, kwa sababu hakuna aliyethubutu kuuliza habari za mwenzake. Tena kanuni zenyewe zinasema anayejibu anaweza kuwa mjumbe wa mungu, na kwamba miungu si lazima ijue yote.

MAMA MUUZA DUKA

Mie huu mchezo siujui, mwanangu ndiye aliyenisomea. Mmezungumza vizuri juu ya Wahindu na Warusi. Hao wa Mtungi je? Kila atakayesoma ataona maji ya upako. Marehemu mama yangu aliyanunua miezi minne, na hakuwa mjinga. Hospitali walikuwa wameshamwambia arudi nyumbani. Ukiweka matapeli watupu, umemchekesha nani? Wale mbali umewaheshimu, wa karibu umewavua nguo.

MWANZISHA MADA

Mama, pole sana kwa msiba. Umesema kweli: nilichota vazi bila kujua, kwa kuwa lilikuwa limeanikwa karibu.

Nimekaa nao upya. Watu wa Mtungi sasa hawauzi. Walihamishwa na njaa hadi nchi isiyo na mto, na mtungi ndio kivuko pekee walicho nacho. Ugomvi wao ni maji yanabaki kuwa mto kwa siku ngapi. Wengine wanasema saba, wengine mpaka yaishe, na bibi mmoja anaongeza ya kisimani kila jioni, anasema Mama hahesabu matone. Wagonjwa wanapakwa, na wengi hawaponi. Na mzee wangu mkatekista, nimeandika kanuni: kuhani wa Mtungi akisali haangaziwi mwanga wowote vitani. Mchezaji wangu mmoja alipoisikia, mpole kuliko wote, akaomba awe yeye.