Mjadala: Je, kituo cha televisheni kilikuwa na haki ya kuigeuza Sliders?

Ndugu wachangiaji, hoja ninayoiweka mezani ni hii: kituo kinachogharamia tamthilia kina haki ya kuikatisha wakati wowote kikiona hailipi, lakini hakina haki ya kuendelea kuirusha kwa jina lilelile baada ya kuiondolea kile kilichowavuta watazamaji tangu mwanzo. Mfano wangu ni Sliders, iliyobuniwa na Tracy Tormé na Robert K. Weiss, ambayo kituo cha Fox cha Marekani kilianza kuionyesha Machi 1995. Kwa asiyeikumbuka, Quinn Mallory, mwanafunzi wa fizikia wa San Francisco, anavumbua njia ya kupenya kwenda katika dunia nyingine zinazofanana na yetu, na anaondoka na mwalimu wake Profesa Arturo, rafiki yake Wade, pamoja na mwimbaji Rembrandt, ambaye masikini alikuwa akipita zake tu na gari. Wote wanne wanapotea njia ya kurudi.

Uzuri wa hadithi ulikuwa katika tofauti zake ndogo. Katika dunia ya kwanza anayoifikia Quinn, taa nyekundu barabarani ndiyo inayoruhusu magari kwenda. Baadaye tunaona Marekani iliyotawaliwa na Wasovieti, nyingine iliyoshindwa vita vyake vya uhuru na kubaki chini ya Uingereza, na nyingine ambako dawa za viuavijasumu hazijagunduliwa. Sehemu ninayoipenda kuliko zote ni ya mwanzoni mwa msimu wa pili. Wasafiri wanatua nyumbani kwa akina Quinn wakiwa na muda mfupi mno wa kuamua kama hapo ndipo kwao, naye Quinn anasukuma kigeti cha mbele, ambacho siku zote kilikuwa kikilia. Hakilii. Wanaruka tena, na ndipo mtazamaji anapojua kwamba walikuwa wamefika kweli, ila mtunza bustani alikuwa amekirekebisha.

Msimu wa tatu upigaji picha ulihamishwa kutoka Vancouver hadi Los Angeles, na hadithi nayo ikahama: zikaja mbio, milipuko, dinosaria na wanyonya damu. John Rhys-Davies, aliyeigiza Arturo, amelalamika hadharani kuhusu ubovu wa miswada ya kipindi hicho. Mhusika wake aliuawa katika msimu huohuo. Wade naye akaondolewa, kisha Quinn, hata msimu wa tano ukabaki na Rembrandt peke yake kati ya wale wanne. Tarehe 4 Februari 2000 aliruka mara ya mwisho, na watazamaji hawakuonyeshwa kilichompata.

Wanaokitetea kituo wana hoja mbili ambazo siwezi kuzipuuza. Ya kwanza ni kwamba pasipo fedha za Fox tusingekuwa na lolote la kujadili, na kwamba Sci-Fi Channel iliichukua tamthilia Fox ilipoiacha, ikafikisha sehemu 88. Nakubali, ingawa wingi wa sehemu si kipimo cha heshima kwa hadithi. Ya pili ni nzito zaidi: Wakromagi, wale maadui wanaovamia dunia moja baada ya nyingine, waliletwa na Tormé mwenyewe katika msimu wa pili, kwa hiyo huwezi kusema mazimwi yote yalitoka ofisini kwa mabosi. Hata hivyo, Tormé aliwatumia kuonyesha kwamba elimu aliyoipata Quinn kwa bahati inaweza kuwa mikononi mwa watu wabaya. Msimu wa nne uliwafanya jeshi la kupigana nalo, na vita vya namna hiyo vingeweza kuwekwa katika tamthilia yoyote.

Basi anayekitetea kituo naomba anitajie sehemu za msimu wa tatu ambazo bado zilikuwa zikiuliza historia ingekuwaje kama ingechukua njia nyingine. Zipo chache, nami niko tayari kuzijadili moja baada ya nyingine.