Napiga blues juu ya biti ila nasikika kama napanda ngazi, msaada wakuu

Mpiga Solo wa Kwaya:
Wakuu, habari za jioni. Napiga gitaa la solo kwenye kwaya hapa Morogoro, mwaka wa nne sasa. Sebene nalimudu, wamama wanatoka kwenye mabenchi na leso juu. Kinachonitoa jasho ni blues.

Tangu Januari napiga juu ya biti za kushusha mtandaoni, zile zenye ngoma, besi na kinanda, nafasi ya solo umeachiwa wewe. Kii ya A, pentatoniki (ngazi ya noti tano) ya freti ya tano: A, C, D, E, G. Kila usiku nusu saa. Noti sikosei, ila hakuna wimbo hapo, ni kupanda ngazi na kushuka. Juzi mama watoto kauliza toka jikoni, "Hiyo si ile ya jana?" Biti ilikuwa nyingine kabisa.

La pili, napotea. Nahesabu baa 12 (hizi zisizo na bia, za mapigo manne manne), nikifika katikati sijui nipo wapi, nasubiri biti izunguke upya nidandie. Nakwama wapi?

Kidole Sugu:
Sebene limekuharibu mkuu. Kule ukinyamaza sekunde mbili watu wanadhani umeme umekatika.

Mzee wa Ridhimu:
Kijana, weka gitaa chini kwanza, uimbe. Sitanii. Shairi la blues mara nyingi lina mistari mitatu: wa kwanza unasemwa, wa pili unaurudia, wa tatu unajibu. Kila mstari umepewa baa nne, na mwimbaji hazimalizi. Anaimba kama mbili hivi, zinazobaki ni za gitaa kuitikia. B.B. King, yule gwiji wa gitaa la blues, hakuwa akiimba na kupiga kwa pamoja. Sauti inasema, inanyamaza, gitaa linajibu. Alifika hadi Kinshasa mwaka 1974, kwenye tamasha lililoandaliwa sambamba na pambano la ngumi la Ali na Foreman, na video zipo. Mtazame anavyoliacha gitaa likae kimya wakati anaimba.

Zoezi: washa biti, tunga kwa mdomo kasentensi kamoja, hata "nauli imepanda tena", kisha ukatafute kwenye nyuzi. Karudie. Baa nne za mwisho ukajibu. Kitu usichoweza kukiimba, usikipige.

Nyuzi Sita:
Naungana na mzee, ila mimi nataka kujua huko kupotea. Mkuu, hiyo biti inahamia kodi ya D7 (kodi ni noti kadhaa zinazolia pamoja) baa ya pili, au inakaa A7 mpaka baa ya tano?

Mpiga Solo wa Kwaya:
Mzee, shikamoo, nimekusoma. Nyuzi Sita, sijawahi kuisikiliza hivyo. Ngoja.

Nimerudi. Inahama baa ya pili! Inakaa hapo baa moja, inarudi A7.

Nyuzi Sita:
Basi ugonjwa wako ni huo. Ukisikia D7 unajua umefika baa ya tano, kumbe ndiyo kwanza safari imeanza. Biti za namna zote mbili ziko nyingi, kwa hiyo kabla hujagusa gitaa sikiliza mzunguko mzima ukiifuata besi. Kwa mwendo wa mapigo 80 kwa dakika mzunguko mmoja ni sekunde 36 tu.

Ukishajua kodi ziko wapi (si ile ya mwenye nyumba), zifuate. Uzi wa tatu, freti ya tano, ni C. Juu ya A7 igonge, halafu dondosha kidole kingine freti ya sita upate C#. Hiyo ndiyo noti inayoitambulisha A7, na pentatoniki yako haina. D7 ikiingia rudi kwenye C ya freti ya tano, maana C# itagombana na kodi. Fanya hayo mawili tu wiki nzima. Ni freti moja ya tofauti, lakini hata biti ikizimwa mtu atasikia kwamba kodi imebadilika.

Jirani wa Spika:
Mimi hizi biti nazipinga. Ngoma safi, besi safi, hata ukipiga upupu unasikika mtu. Zima. Piga mguu chini, kila pigo ligawe mara tatu, wewe piga la kwanza na la tatu: taa-ta, taa-ta. Naweka dau kwamba unapiga noti zilizonyooka kama za kwaya huku ngoma inayumba.

Mzee wa Ridhimu:
La kuyumba umesema kweli. La kuzima, hapana. Akiwa peke yake atapunguza mwendo kila panapomshinda na hatajua. Jirekodi kwa simu, biti ikiwa kwenye spika, usikilize kesho yake asubuhi. Usiku uleule utajipendelea.

Mpiga Solo wa Kwaya:
Mrejesho, siku ya tisa leo. Nilijirekodi. Mzunguko wa kwanza nimepiga noti 71, nimezihesabu, hakuna mahali nimevuta pumzi. Jirani wa Spika, dau umeshinda, zote zimenyooka kama rula.

Jana nikafanya ya mzee. "Nauli imepanda tena", noti tisa, silabi kwa noti, kisha kimya. Kile kimya kilikuwa kirefu mpaka nikaona aibu. Leo nimemsikia mama watoto anaiimba akiosha vyombo.

Kupotea kumepungua. Kilichobaki ni baa ya tisa, E7. C inalia vibaya pale. Niguse wapi bila kuhamisha mkono?

Nyuzi Sita:
Uzi wa kwanza, freti ya nne, G#. Kidole cha shahada kirudi nyuma hatua moja tu, na D7 ikiingia kiteleze kwenda A ya freti ya tano. Usikae hapo sana, una mapigo manne.