Naomba ushauri: nataka kujenga mwenyewe tangi la samaki la lita 1,600

Mwanzisha uzi

Wanajukwaa, heshima kwenu. Nimefuga samaki kwa muda mrefu katika tangi la lita 200, na sasa nimedhamiria kujenga kwa mikono yangu tangi kubwa la oska, samaki ambao hukua hadi kupita sentimita 30 na hawana raha penye nafasi finyu. Vipimo nilivyochora ni urefu wa sentimita 240, upana wa 90 na kimo cha 75. Kazi ya mbao na ya mabomba naimudu, ila kioo kinene sijawahi kukishika.

Naomba kujua iwapo nitumie kioo, akriliki (plastiki ngumu inayoonyesha kama kioo) au plaiwudi. Unene unaofaa ni upi. Na kama sakafu ya ghorofa ya kwanza, ilipo sebule yangu, itahimili. Atakayenishauri niache kabisa naye namkaribisha, mradi atoe sababu.

KonaNneZaKioo

Ndugu, kabla ya kufika kwenye unene, kitazame upya hicho kimo cha sentimita 75, maana ndicho kitakachoamua karibu kila kitu kingine. Msukumo wa maji hutegemea kina chake, wala hautegemei urefu wa tangi au wingi wa lita zilizomo. Kina kikiongezeka mara mbili, msukumo wa pale chini kabisa nao huongezeka mara mbili, lakini nguvu yote inayokisukuma kioo cha mbele huongezeka mara nne. Kwa mchoro wako, kioo cha mbele kitabeba nguvu inayolingana na uzito wa takriban kilo 675, usiku na mchana, kwa miaka yote tangi litakapokuwa na maji. Ukishusha kimo hadi sentimita 60, nguvu hiyo inapungua hadi kilo 430 hivi, na ukipanua tangi hadi sentimita 110 unabaki na karibu lita zilezile 1,600. Oska hapungukiwi na kitu, kwa kuwa anahitaji upana wa kugeukia kuliko kina. Wewe nawe utaweza kusafisha, kwa sababu kwenye tangi la sentimita 75 lililo juu ya meza huwezi kuokota jani chini bila kuzamisha bega zima.

Kwa kimo cha 75 mimi nisingekubali kioo chembamba kuliko milimita 19. Kwa 60, milimita 15 zinatosha, pamoja na mikanda ya kioo iliyogandishwa kuzunguka ukingo wa juu ili vioo virefu visitune katikati. Chukua kioo cha kawaida. Kile kilichokazwa kwa joto hakikatwi wala hakitobolewi baada ya kukazwa, na kikivunjika hupukutika chote kwa mpigo mmoja. Tafuta watu wa kukusaidia mapema, maana kioo cha kitako peke yake kitakaribia kilo 100.

Kazi yenyewe iko kwenye silikoni. Nunua ile tupu, inayonuka siki inapokauka, isiyo na dawa ya kuzuia ukungu. Futa kingo kwa asetoni hadi kitambaa kitoke safi, kisha usiziguse tena kwa vidole. Kati ya kioo na kioo weka vipande vya plastiki vya milimita 2, kwa sababu wanaoanza hubana vioo mpaka silikoni yote inafinywa nje na kubaki utando ambao hauwezi kunyumbuka. Kila kona ipakwe kwa mkupuo mmoja, kwani silikoni mbichi haishikamani vizuri na ile iliyokwisha kukauka. Baada ya hapo liache tangi kwa wiki mbili, hata kama juu pameonekana pakavu siku ya kwanza.

MbaoNaMaji

Naungana naye kuhusu kimo, lakini plaiwudi isidharauliwe. Kwa ukubwa huu unaweza kujenga sanduku la plaiwudi ya tabaka mbili, ukalipaka ndani epoksi, yaani rangi nzito ya gundi inayokauka ngumu na kuzuia maji, juu ya kitambaa cha nyuzi za kioo, na ukahitaji kioo kimoja tu cha mbele. Kioo hicho kigandishwe kwa ndani ya fremu, ili maji yenyewe yakikandamize kwenye mbao. Kikiwekwa kwa nje, silikoni peke yake ndiyo inayoshindana na maji. Dosari ya plaiwudi ni kwamba tundu dogo kama ncha ya sindano kwenye epoksi huunywesha ubao maji kimyakimya, na ukija kugundua, ubao umeshaoza.

Akriliki sikushauri kwa mara ya kwanza. Ni nyepesi, uzito wake ni kama nusu ya kioo, nayo ni angavu sana, ila hukwaruzika hata kwa chembe ya mchanga, na maungio yake huyeyushwa kwa kemikali maalumu kwa ustadi ambao haupatikani kwa kusoma. Hata wataalamu hawako salama kabisa: tangi la akriliki la AquaDom mjini Berlin, lenye takriban lita milioni moja, lilipasuka ghafla tarehe 16 Desemba 2022.

MzigoWaSakafu

Jibu langu kuhusu ghorofa ni fupi: usiweke huko. Maji ni tani 1.6, vioo ni kilo 250 na zaidi, na bado kuna mchanga, mawe na meza. Jumla inapita tani mbili juu ya eneo lisilofika mita za mraba tatu. Sakafu za nyumba za kuishi kwa kawaida husanifiwa kubeba kilo 150 hadi 200 kwa kila mita ya mraba, na kwamba watu ishirini hucheza ngoma sebuleni bila nyumba kuanguka si ushahidi, maana watu hao huondoka. Kama ni lazima liwe juu, mhandisi aone michoro ya mihimili. Kama una chumba cha chini chenye zege lililolazwa juu ya ardhi, kitumie.

Meza iwe sawa kwa pimamaji pande zote, na chini ya kitako tandika stairofomu (lile povu jeupe jepesi la kufungashia vitu), kwani punje moja ya kokoto ikibaki hapo inatosha kuanzisha ufa. Jaza tangi kwa mara ya kwanza mahali ambapo maji yakimwagika hayaharibu kitu, robo baada ya robo, na ulitazame kwa wiki nzima.

Mwanzisha uzi

Nawashukuru sana. Nimechora upya: 240 kwa 110 kwa 60, kioo, chumba cha chini. Nilikusudia kuweka tangi dogo la kuchujia chini ya meza, pampu irudishe maji juu. Je, umeme ukikatika maji hayatafurika?

BombaLaKurudi

Yatafurika usipopiga hesabu, na hesabu yenyewe si ngumu. Uso wa maji wa tangi lako ni mita za mraba 2.64, kwa hiyo kila sentimita moja inayoshuka ni lita 26 na ushei. Pampu ikizimika, maji yote yaliyo juu ya ukingo wa kutokea yatateremka hadi tangi la kuchujia, na bomba la kurudishia nalo litaanza kuyafyonza kinyumenyume hadi mdomo wake ukutane na hewa. Mdomo huo ukiwa sentimita 5 chini ya uso, jiandae kupokea lita 130.

Kwa hiyo uinue mdomo karibu na uso, na utoboe kijitundu kwenye bomba mahali ambapo maji yakishuka kidogo tu hewa itaingia. Kijitundu hicho kisuguliwe kila unaposafisha, maana mwani hukiziba. Vali ya kuzuia maji yasirudi usiitegemee peke yake. Konokono mmoja mdogo anatosha kuiacha wazi. Bomba la kushushia maji liwe na pacha wake wa akiba, kwa sababu la kwanza likiziba huku pampu inasukuma, litakalofurika ni tangi la juu, na maji yatamwagika sakafuni.

Chagua pampu inayosukuma lita 5,000 hadi 8,000 kwa saa pale juu inakofikisha maji, si kwa takwimu ya kwenye boksi, ambayo hupimwa bila kimo. Na oska wasubiri: bakteria wanaogeuza amonia, sumu itokayo kwenye uchafu wa samaki, kuwa nitriti, kisha nitrati, huchukua wiki nne hadi sita kujijenga kwenye chujio jipya. Ukihamisha sponji chafu kutoka tangi lako la lita 200, utaufupisha muda huo.