Wasusi, ncha za rasta ni kazi yenu! Acheni kututuma tukachovye nyumbani

Wadau salamu zenu, na ziishie hapo maana leo sina hali ya kuchekacheka.

Hii tabia imeanza lini? Mtu unakaa kwenye stuli tangu asubuhi, shingo imekakamaa, makalio yamekufa ganzi, ila unavumilia kwa sababu rasta zinashuka hadi kiunoni. Jioni msusi anapiga miayo, anajikung'uta nywele mapajani, anakwambia, "Dada, ncha utachovya mwenyewe kwenye maji ya moto nyumbani, zisifumuke." Hela anahesabu yote. Hapunguzi hata mia tano! Nilipomuuliza mwenye saluni, akanijibu gesi imepanda. Sawa, imepanda. Kwani kwangu inatoka bombani bure?

Na afadhali basi ncha zingekuwa zimeandaliwa. Kazi ya ncha inaanza kabla kichwa hakijaguswa: unafungua pakiti, unazivutavuta nyuzi zipishane urefu ili mwisho uwe mwembamba, kisha unasuka mpaka chini kabisa, unabakiza kipande kidogo tu. Rasta ya hivyo inajishika, maji ya moto yanamalizia. Hawa wa siku hizi wanapiga mkasi pakiti nzima, ncha zote zinalingana kama ufagio. Ncha butu namna hiyo uichovye usiichovye, wiki haiishi imeshafumuka.

Wengine dawa yao ni kiberiti cha gesi. Anapita na moto rasta moja baada ya nyingine, mgongoni kwako, na wewe umevaa dera! Plastiki inayeyuka, anaifinya, inabaki kijipira kigumu. Hicho ndicho kitakachokukwaruza shingo usiku kucha, kinanasa kwenye mtandio, kinavuta nyuzi za sweta. Moshi wake nao mnauvuta wote humo ndani, saluni yenyewe haina dirisha. Ukilalamika unaambiwa "mbona wenzio hawasemi."

Tuje kwa wauzaji. Pakiti imeandikwa kanekalon kwa herufi kubwa. Kanekalon ni nyuzi za kampuni ya Kaneka ya Japani, aina ya modakriliki, yaani nyuzi za kutengenezwa kiwandani: zikipata maji ya moto zinalainika, zikipoa zinabaki na umbo ulilozipa. Sasa fungua pakiti uone. Mara nyingi unachokutana nacho kina kila dalili ya polipropilini, plastiki ileile ya viroba vya mchele. Hiyo inayeyuka kwenye nyuzijoto kama 160, na maji ya sufuriani yanaishia 100. Ndiyo maana unachovya mpaka mkono unachoka, rasta inatoka imelowa tu na imesimama vilevile. Ndugu zetu wa Mbeya na Njombe ndio kabisa, huko juu maji yanatokota hata kabla ya kufika 100. Muulize muuzaji ni nyuzi za nini. Atakwambia "hizi ndizo zinatoka sana."

Kinachoniuma zaidi ni hatari yenyewe. Mgongo wako mwenyewe huuoni, kwa hiyo lazima uombe mtu. Mimi nimeishia kwa jirani: sufuria la maji yanayotokota liko juu ya kistuli, watoto wake wanakimbizana, yeye anachovya huku anaongea na simu. Taulo la kuweka mabegani nimelikumbusha mimi. Kwamba sufuria likae mezani, mbali na watoto, nimesema mimi. Kwamba ni ncha tu, sekunde chache, halafu unakamua kwa taulo kavu na si kwa vidole, nimesema mimi. Yaani nimelipa msusi halafu nikageuka mwalimu wa kusuka!

Na maji yakimwagikia mtu, tafadhali, dawa ya meno na ute wa yai muache jikoni. Ni maji ya bomba ya baridi, yatiririke hapo palipoungua dakika 20, kisha hospitali ikiwa pameota malengelenge au ni mtoto. Huyu msusi anayesema "utachovya nyumbani" hilo hakwambii, yeye keshafunga duka.

Sasa nawauliza wenye saluni mliomo humu: ile bei mnayonitajia mlangoni, ncha zimo au hazimo? Kama hazimo, semeni kabla sijakaa kwenye stuli, tupatane upya. Na kama mnatumia kiberiti, semeni pia, nigeuze na miguu yangu.

Wale wa "si ununue wigi tu", uzi huu hauwahusu, piteni.